Vijiko vya kuvulia stilihedi: tazama uzito kabla ya rangi

Kijiko kizuri cha stilihedi, yaani chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko cha kumvulia samaki huyo, ni kile kinachopita sentimita 30 juu ya mawe ya mtoni, kwenye maji yanayokwenda kasi ya mtu anayetembea, huku kikiyumba polepole bila kupinduka. Jina la kampuni, rangi na bei vyote hufuata baada ya hapo. Hapa tumelinganisha vijiko vinavyouzwa kwa wingi katika maduka ya majimbo ya Washington na Oregon, Marekani, na British Columbia, Canada, na kigezo chetu kikubwa ni hicho kimoja. Vipo vilivyosifiwa miaka mingi ambavyo kwa kazi hii havifai, ingawa kwa kazi nyingine ni vyema sana.

Kwa asiyemjua samaki mwenyewe: stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, anayezaliwa mtoni, akahamia bahari ya Pasifiki, kisha akarudi mtoni kutaga. Ni spishi ileile iliyopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare, ila wale wa Kenya hawaendi baharini, na mito yao ni midogo mno kwa vijiko tunavyovizungumzia. Anayerudi kutoka baharini huwa na kilo 3 hadi 5 hivi, na wapo wanaopita 9. Kuna kundi la majira ya baridi, linaloingia mitoni kati ya Novemba na Aprili, na kundi la kiangazi, linaloingia kati ya Mei na Oktoba. Mvuvi wa kijiko lazima ajue anamvua yupi, kwa sababu wa baridi yumo kwenye maji mengi, mazito na baridi, na wa kiangazi yumo kwenye maji machache na maangavu.

Uzito, unene na umbo

Vijiko hivi huandikwa uzito kwa aunsi. Kwa mto wa wastani wakati wa baridi, kama Skykomish au Sandy maji yakiwa yametulia, uzito wa kuanzia ni aunsi 2/5, yaani gramu 11, hadi aunsi 2/3, yaani gramu 19. Mto mkubwa ulio na mkondo mzito, kama Skagit au Skeena, unahitaji gramu 19 hadi 28. Kiangazi, maji yakipungua na kung'aa, shuka hadi gramu 7, na usizidi 11. Hali ni hiyohiyo kwenye mito midogo inayoingia Maziwa Makuu ya Marekani, ambako stilihedi walipandikizwa karne ya 19 na sasa hupanda mitoni kutoka ziwani badala ya baharini.

Lakini uzito ulioandikwa kwenye pakiti haukwambii yote. Vijiko viwili vya gramu 19 vinaweza kutofautiana kabisa majini. Kijiko kipana na chembamba hushikwa na mkondo, kikapanda juu na kuyumba sana. Kijiko kinene chenye upana mdogo hukata maji na kuzama haraka, lakini kinahitaji kasi kubwa ndipo kianze kuyumba. Stilihedi wa maji baridi hataki kukimbizana na kitu. Kwa hiyo unachotafuta kiko katikati: chuma chenye unene wa kutosha kukishusha, na mbonyeo wa kutosha kukiyumbisha hata mkondo ukiwa wa polepole. Dukani, kishike kijiko kwa ubavu ukitazame. Kikiwa karibu bapa, kiache. Kikiwa kimebonyea vizuri, hasa upande wa chini kuelekea ndoana, kitayumba bila kusukumwa.

Vijiko vyembamba mno, vile vinavyopepea, vimetengenezwa kukokotwa nyuma ya mashua ziwani na baharini. Vinauzwa ukuta mmoja na hivi, na vinafanana navyo. Ukikinunua kimoja kwa bahati mbaya utakigundua haraka: hakirushiki mbali, na mkondo wa mto hukibeba juujuu.

Vijiko vyenyewe

Little Cleo cha Acme ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza kwa anayeanza. Ni kifupi, kinene, chenye nundu mgongoni, na nundu hiyo ndiyo inayokiyumbisha hata kikivutwa polepole. Kinapatikana karibu kila duka, kwa uzito mwingi tofauti, na ule wa aunsi 2/5 na 2/3 ndio hasa wa kazi hii. Kasoro yake ni ndoana za kiwandani, ambazo tutazieleza, na katika mkondo wa kasi sana huanza kuzunguka chote badala ya kuyumba. Kikifika hapo hakivui, na mshipi nao unajisokota.

BC Steel cha Pen-Tac ni chaguo la mvuvi wa mto mkubwa. Ni kizito, kina mwendo mpana na wa polepole, na mapigo yake unayasikia wazi kwenye fimbo. Kwa maji ya baridi chini ya nyuzi 6 za Selsiasi hatuoni kinachokishinda. Tatizo lake ni upatikanaji: nje ya eneo la Pasifiki utakiagiza tu. Kampuni ya Gibbs ya British Columbia nayo ina vijiko vizuri vya aina hii, Koho na Kit-A-Mat, na mvuvi aliyeko Canada atavipata kwa urahisi zaidi.

Krocodile cha Luhr Jensen ni kirefu, chenye upana mdogo. Kinarushwa mbali na kinazama vizuri, hivyo kinafaa kwenye vilindi na mahali ambapo samaki wamelala ng'ambo ya mto. Kwenye maji ya polepole kinalegea na kupoteza uhai. Kiwe kijiko cha pili au cha tatu kwenye kasha lako.

Pixee cha Blue Fox, chenye uso wa nyundo, yaani wenye vibonyeo kama uliogongwa kwa nyundo, na kipande cha plastiki cha rangi ya mayai ya samaki katikati, kilijipatia sifa Alaska kwa samoni. Stilihedi anakipiga, hasa maji yakiwa na ukungu kidogo, ila ule wa aunsi 7/8 ni mkubwa kupita kiasi kwa mito mingi. Chukua wa aunsi 1/2.

Kastmaster, nacho cha Acme, ndicho tunachotofautiana nacho na wauzaji wengi. Kimekatwa kutoka ufito mzito wa shaba ya njano, kinaruka mbali kuliko vyote tulivyovitaja, na baharini au ziwani ni hodari. Mtoni, ukikiacha kipite polepole kando ya mawe, hakiyumbi. Ukikivuta kwa kasi ili kiyumbe, kinapanda juu na kumwacha samaki chini. Vivyo hivyo Dardevle cha Eppinger, kijiko maarufu chekundu na cheupe kutoka Michigan: ni kipana, kinataka maji yaliyotulia, na nyumbani kwake ni kwenye samaki wa ziwani.

Bei za vyote hivi kwa kawaida haziizidi dola 10 za Marekani kwa kimoja. Usivinunue kwa wazo kwamba kimoja kitadumu msimu mzima. Kijiko kisichogusa mawe mara mojamoja hakiko kwenye kina cha samaki, na kinachogusa mawe siku moja kitabaki kwenye mawe hayo.

Badilisha ndoana kabla ya kukirusha

Hapa ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Vijiko vingi vinakuja na ndoana ya ncha tatu. Ncha tatu hunasa mawe na magogo mara nyingi zaidi, humjeruhi samaki anayetakiwa kurudishwa, na humpa nafasi ya kuing'oa: stilihedi anapojizungusha, uzito wa kijiko hutumika kama wenzo dhidi ya ndoana fupi. Zaidi ya hayo, sheria inaikataza sehemu nyingi. British Columbia yote, kwenye mito, ni ndoana ya ncha moja isiyo na kijino, yaani kile kichomozi kidogo karibu na ncha kinachoizuia kutoka, mwaka mzima. Mito mingi ya Washington ina masharti kama hayo.

Itoe, uweke ndoana moja ya aina ya siwash, yenye shina refu na tundu lililo wazi. Kwa kijiko cha gramu 11 tumia namba 1/0. Kwa cha gramu 19, 2/0 au 3/0. Kipimo rahisi ni nafasi kati ya ncha na shina: isiwe ndogo mno ikilinganishwa na upana wa kijiko. Ikiwa ndogo, kijiko chenyewe kitaikinga ncha isiingie mdomoni.

Utaratibu ni huu. Fungua pete ya nyuma ya kijiko kwa koleo lenye kijino cha kufungulia pete, uondoe ndoana ya zamani. Kagua pete, ikiwa imepanuka au ina kutu, weka mpya. Pitisha kwenye pete swiveli ndogo, yaani kiungo chenye macho mawili yanayozunguka, inayobeba kilo 20 au zaidi, kisha tia tundu la ndoana kwenye jicho la pili la swiveli na ulibane kwa koleo mpaka lifunge kabisa. Swiveli hiyo ya nyuma inamnyima samaki wenzo tuliousema, kwa sababu ndoana inazunguka yenyewe bila kukizungusha kijiko. Kama ndoana ina kijino, kilaze kwa koleo, halafu pitisha kitambaa cha pamba kwenye ncha. Kikinasa, hujamaliza.

Mbele ya kijiko weka pete na swiveli nyingine, na funga mshipi kwenye swiveli hiyo. Usifunge mshipi moja kwa moja kwenye tundu la kijiko, kwa kuwa ukingo wa tundu lililotobolewa kiwandani hukata nailoni.

Ncha inoe kwa tupa ndogo kila baada ya kugonga mawe. Ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza ni butu, ikishika iko tayari. Mdomo wa stilihedi ni mgumu, na kijiko kinachopita kwenye mkondo hakikupi nafasi ya kuvuta mara ya pili.

Fimbo na mshipi

Fimbo ya mita 2.6 hadi 2.9, ya ugumu wa wastani na ncha laini kidogo, inatosha. Ncha ngumu mno humpokonya samaki kijiko kabla hajafunga mdomo. Mshipi wa nailoni wa ratili 10 hadi 12 unafaa mito mingi, na ratili 15 kwa mito mikubwa ya baridi. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na unakatisha maji vizuri, hivyo kijiko kinazama zaidi, ila siku za barafu unabeba maji na kuganda kwenye pete za fimbo. Ukiutumia, unga mbele yake mita 1 au 2 za nailoni.

Jinsi ya kukipitisha

Tafuta kwanza maji yenyewe. Stilihedi anayesafiri hupumzika kwenye kina cha mita 1 hadi 2.5, mahali ambapo uso wa maji umekunjamana kidogo na mkondo unakwenda kasi ya matembezi. Maji laini kabisa yasiyo na mkunjo na maji meupe yanayochemka yote mawili yapite. Mstari ambapo mkondo wa kasi unakutana na maji ya polepole, maji nyuma ya jiwe kubwa, na mkia wa kilindi, pale maji yanapoanza kupungua kina kabla ya kuporomoka tena, ndiyo mahali pa kuanzia.

Simama sehemu ya juu ya eneo hilo. Rusha kijiko kukatiza mto, kidogo kuelekea juu yake ikiwa maji ni ya kina, au kidogo kuelekea chini ikiwa ni mafupi. Kikigusa maji, funga rili, yaani gurudumu la mshipi kwenye fimbo, na inua ncha ya fimbo ili mshipi mwingi usilale juu ya maji. Mshipi ukilala, mkondo unaupinda, na pindo hilo hukiburuta kijiko kwa kasi kuelekea ukingoni. Hili ndilo kosa linaloharibu urushaji mwingi kuliko lingine lolote. Likitokea, inua fimbo na uurushe mshipi upande wa juu wa mto bila kukivuta kijiko, na urudie kadiri inavyohitajika.

Kiache kishuke. Kitakapogusa jiwe la kwanza, inua ncha kiasi cha sentimita 30 tu, mshipi ukaze, na ukiache mkondo ukibebe kwa upinde kuelekea upande wako. Ncha ya fimbo ikifuate, ikitangulia kidogo tu. Usizungushe rili. Utasikia mapigo kwenye fimbo. Yawe mazito na ya taratibu, yale ambayo ungeweza kuyahesabu. Yakiwa ya haraka hadi kuwa mtetemo, kijiko kinakwenda mbio mno: shusha ncha, legeza mshipi kidogo, au nenda kwenye kijiko chenye mwendo wa polepole zaidi. Yakikoma kabisa, kijiko kimelala: kaza kidogo, au zungusha rili nusu duara. Kikigonga mawe kila mara, uzito umezidi. Kisipogonga hata mara moja katika urushaji watatu, umepungua, au umekikaza mapema.

Kikifika chini yako sambamba na ukingo, kiache kining'inie hapo kwa sekunde 10. Samaki anayekifuata kutoka katikati mara nyingi huamua hapo, na mvuvi aliyeanza kuvuta mshipi amemwondolea chakula mdomoni. Kisha kivute, rusha mita moja au mbili mbali zaidi, na ukishamaliza maji unayoyafikia, shuka hatua moja kubwa kufuata mto. Anza karibu, malizia mbali. Wengi hurusha ng'ambo mara ya kwanza na kuwatisha samaki waliolala miguuni pao.

Kipigo chenyewe hutofautiana. Wakati mwingine fimbo inapinda ghafla. Wakati mwingine mapigo yanakatika tu. Yakikatika, kaza kwa kuifagia fimbo kuelekea ukingoni na chini ya mto. Ukiinua fimbo wima, unakivuta kijiko nje ya mdomo.

Joto la maji ndilo linaloamua kama kijiko ni silaha sahihi siku hiyo. Kati ya nyuzi 5 na 12 samaki yu tayari kusogea mita kadhaa kukifuata. Chini ya 4 husogea kidogo sana: tumia kijiko kikubwa kinachokwenda polepole, na pita eneo lilelile kwa hatua fupi. Maji yakifika karibu nyuzi 20, acha kuvua kabisa, kwa sababu samaki aliyechoka kwenye joto hilo anaweza kufa hata ukimrudisha salama.

Rangi

Kwenye maji ya kijani ambayo unaona ndani yake mita moja hadi mbili, fedha ya nyundo inatosha peke yake. Kilichopakwa fedha halisi hung'aa zaidi ya nikeli kwenye mwanga hafifu, na tofauti hiyo inastahili bei yake. Maji meupe ya barafu inayoyeyuka au ya mvua, ambayo huoni ndani yake hata mita moja, yanataka fedha yenye rangi kali ya chungwa au kijani cha limau. Maji ya kiangazi yasiyo na doa na jua kali: shaba nyekundu, au shaba ya njano iliyofifia, au hata kijiko kilichopakwa rangi nyeusi. Nusu nikeli na nusu shaba ya njano hufanya kazi hali nyingi za katikati. Rangi nyingine zote unaweza kuzipata kwa kubandika utepe unaoakisi mwanga mgongoni.

Kijiko kikikwama

Usivute kwa nguvu kutoka mahali uliposimama. Toa mshipi mita 10 hadi 15 ulegee, mkondo uubebe chini ya kijiko, kisha ukaze ghafla. Pindo la mshipi litakivuta kutoka upande wa pili, na mara nyingi kitatoka. Kisipotoka, shuka chini ya mto upite kilipo, uvute kutoka huko. Kikitoka, kagua ncha na mita moja ya mwisho ya mshipi kwa vidole. Ukisikia mkwaruzo wowote, kata na ufunge upya.

Sheria za samaki

Soma kanuni za mto wenyewe, siyo za jimbo tu. Sehemu ya North Umpqua kule Oregon, kwa mfano, ni ya nzi bandia pekee na kijiko hakiruhusiwi. Washington na British Columbia, stilihedi wa asili hurudishwa majini. Anatambulika kwa pezi dogo la mafuta lililo nyuma ya mgongo karibu na mkia. Lililokatwa, likaacha kovu, ni la samaki wa kituo cha kuzalishia. Washington inakataza kumwinua nje ya maji kabisa yule anayetakiwa kurudishwa. Ndoana moja isiyo na kijino hukuwezesha kumwachia kwa koleo huku bado yumo majini, bila kumgusa.

Kwa mfuko mdogo, nunua Little Cleo viwili vya aunsi 2/5 na viwili vya 2/3, vyote vya fedha ya nyundo, kimoja cha shaba nyekundu cha aunsi 1/4, pakiti ya ndoana za siwash, swiveli na tupa. BC Steel au Krocodile vifuate ukishaujua mto wako. Jioni vioshe kwa maji baridi, vikaushe, na usivifungie kasha likiwa na unyevu, maana pete ndizo zinazoshika kutu kwanza. Shaba iliyofifia hurudisha mng'ao kwa dawa ya meno na kitambaa. Kijiko kilichopakwa fedha kifute tu kwa kitambaa laini, kwani kukisugua kunaondoa tabaka lenyewe.